Mgonjwa wa Mtihani

Kibarua wa tumbaku hupendwa kwa miezi. Mvua zikishika, lori linamfuata mpaka karibu na mlango wake na mnyapara anamwita kwa jina huku anacheka naye. Jani la mwisho likishatoka kwenye bani la kukaushia, mnyapara yule yule hamjui hata kwa salamu. Tusajigwe aliishi hivyo misimu mitano. Alipandia lori Tukuyu pamoja na wenzake, akashuka kwenye mashamba ya nje ya Iringa, akachuma, akatunga majani kwenye vijiti, akachambua mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu na kila anachokula kikawa kichungu. Kisha alirudishwa milimani kwao Rungwe na kanga moja na kifurushi cha chumvi, akangoje tena. Mumewe, Lutengano, alikuwa amekwenda migodini Sauzi wakati binti yao Ikupa anaanza kutambaa. Barua ya kwanza ilifika. Ya pili haikufika, na watu wakaacha kuuliza.

Mwaka wa 1955, wakati wa kuchambua, alikuja shambani mtawa mmoja Mbena, mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha, akapanda juu ya sanduku la tumbaku bila kuombwa. Huyo ndiye Sista Apolonia, mkuu wa wauguzi katika hospitali ya misheni iliyokuwa kilimani, ng'ambo ya mji. Alisema wamejenga wodi mbili mpya na hawana watu. Anataka wanawake sita kati ya vibarua, wanaojua Kiswahili na wasioogopa damu. Watafundishwa mwaka mzima, na watakaofaulu wataajiriwa kuwa wasaidizi wa wodi.

"Si kwa msimu," alisema. "Januari mpaka Desemba, mvua na jua. Na kila mmoja atapata chumba cha matofali, kina nafasi ya kitanda cha mtoto."

Wenzake Tusajigwe waliguna. Mmoja aliuliza kama kuna mtu aliyezaliwa ili aoshe vidonda vya Wahehe, na kibanda kizima kikacheka. Tusajigwe hakucheka. Katika maneno yote yale alikuwa amesikia mawili tu, mwaka mzima na kitanda cha mtoto, na moyo ulikuwa unamwenda mbio kama wa mwizi.

Lakini Ikupa hakuwa wa kuamuliwa na yeye. Kwa Wanyakyusa mtoto ni wa upande uliotoa ng'ombe, na Lutengano asipokuwapo, neno la mtoto lilikuwa kwa baba yake Lutengano, yule mzee aliyebaki na kaya. Na hapo ndipo penye ugumu, maana Tusajigwe hakuweza kwenda kuongea naye.

Asiyejua desturi hii nimweleze. Kwao kule mke wa mwana hamwoni baba mkwe, na baba mkwe hamwoni yeye. Si chuki, ni heshima, nao huiita ukutila. Wakikutana njiani mwanamke huingia migombani akajifunika nguo mpaka mzee apite. Hasemi mahali ambapo mzee atamsikia. Halitamki jina lake hata kwa bahati mbaya. Wachungaji wa Kimoraviani walihubiri wee mpaka wakachoka: watu waliacha pombe, wengine wakaacha hata wake wa pili, lakini hili hawakuliacha. Tusajigwe alikuwa amekaa katika kaya ya mzee yule miaka minane na hajawahi kuuona uso wake. Alimjua kwa koti refu jeusi likipita mbali ukingoni mwa migomba, na kwa sauti nene iliyoita ng'ombe jioni. Sisi si wakwe zake, tunaweza kumtaja. Aliitwa Andendekisye.

Mama mkwe alipokuwa hai, maneno ya wawili hao yalipitia kwake. Alipokufa yakapitia kwa Ikupa, mtoto wa miaka saba, ambaye aliifanya kazi hiyo kwa bidii kama tarishi wa serikali. Tusajigwe aliporudi kuomba ruhusa ya mafunzo, alikaa nyuma ya ukuta wa mianzi akamnong'oneza mtoto, na mtoto akazunguka nyumba mbio.

"Babu anasema uende," Ikupa aliporudi alisema.

"Mwambie, nikifaulu naomba wewe uje ukae na mimi huko."

Safari hii mtoto alikawia. Aliporudi alikuwa anatembea.

"Babu anasema maliza kwanza. Habari yangu itasemwa ukimaliza." Kisha akaongeza la kwake: "Lakini amenishika kichwa."

Jibu hilo Tusajigwe aliondoka nalo kama mtu aliyepewa nusu ya kitu. Mzee hakumtisha. Aliyemtisha alikuwa Jailos, mdogo wake mzee. Kwa desturi yao, mtu akifa mali na watoto humwendea mdogo wake, na Jailos alikuwa ameshaanza kumtazama Ikupa jinsi mtu anavyomtazama mtamba anayekaribia kupandwa. Maadamu mzee yupo, Tusajigwe alikuwa na mtu wa kusema naye, japo kupitia ukuta. Mzee akiondoka kabla neno halijasemwa, basi chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, na hapo haitakuwa methali ya kufundishia watoto.

*

Mwaka wa mafunzo ulikuwa mgumu kuliko tumbaku. Alifundishwa kukunja pembe za shuka, kusoma kipimajoto, kuchemsha sindano, kumgeuza mtu mzito bila kumvunja. Siku ya kwanza alipoambiwa amwoshe mzee wa Kihehe aliyevunjika nyonga, alitoka nje akatapika nyuma ya jiko. Sista Apolonia alimfuata na beseni mkononi.

"Sikiliza, wewe Mmoraviani," alimwambia. "Wodini hakuna shangazi, hakuna mjomba, hakuna mkwe. Kuna mgonjwa na maji ya moto. Maji yanapoa."

Akarudi akaosha. Baada ya miezi michache alikuwa anaosha bila kufikiri, na hilo lenyewe lilimtia huzuni kidogo, kwamba mtu anaweza kuzoea namna ile. Kati ya wale sita, mmoja aliolewa na mwingine alirudi mashambani akisema heri jani la tumbaku kwa sababu halilalamiki. Wakabaki wanne.

Mtihani ulikuwa Julai ya mwaka uliofuata. Kila mwanafunzi angepewa mgonjwa mmoja tangu anapoingizwa mlangoni mpaka anapotoka, kwa miguu yake au kwa machela, na kila kitu amfanyie yeye mwenyewe. "Akifa si kosa lako," Sista aliwaambia. "Ukimwacha, hilo ndilo kosa." Jumapili ya wiki hiyo, baada ya misa, waliofaulu wangeitwa majina mbele ya watu. Wenzake watatu walikuwa na ndugu wa kuja kusikia. Tusajigwe alimwambia kila aliyemwuliza kwamba kwao ni mbali.

Mgonjwa wake aliletwa na lori la mizigo. Baridi ya Julai ile ilikuwa imewatoa hata Wahehe machozi, na mzee huyu alikuwa amesafiri juu ya magunia akiwa na shati moja. Utingo na dereva walimshusha wamemfunika gunia.

"Alipandia Mbeya," dereva alisema. "Tulipofika Sao Hill tukamwita, hajibu. Hatumjui. Msituulize jina."

Alikuwa na kikapu cha ndizi mbivu zilizokwisha kuwa nyeusi kwa baridi, basi. Kifua chake kilikuwa kinakoroma na midomo imekauka. Sista alimwinamia akasikiliza alichokuwa anakinong'ona katika homa, juba, juba, na ingawa hakujua Kinyakyusa, alikuwa amekaa na Tusajigwe mwaka mzima, akatambua mlio wake.

"Huyu analia kwa lugha yenu," alisema. "Kichomi. Wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Ndiye mgonjwa wako wa mtihani."

Analia mama, Tusajigwe alimweleza. Juba ni mama. Akaenda kuchemsha maji.

Alimwosha vizuri. Alimwosha kifua, kwapa, mgongo uliokuwa na mifupa kama mgongo wa ng'ombe wa kiangazi, akamwosha miguu na kuondoa vumbi la njia katikati ya vidole. Alimbadilisha shati. Dresa wa wodi, mfunga vidonda na mdunga sindano, Liberatus, Mhehe mpole mwenye wagonjwa wengi kuliko uwezo wake, alikuja akamdunga penisilini, akaondoka. Tusajigwe alibaki akiongea na mzee kwa lugha ya nyumbani, maneno yoyote, ugonile tata, umelalaje baba yangu, kwa sababu mwaka mzima hakuwa amepata mtu wa kuongea naye hivyo zaidi ya Yotamu, dereva wa misheni, ambaye kila mara yuko safarini. Ilimpendeza. Alijisikia kama aliyemkuta mtu wa nyumbani sokoni, na akamtunza mzee yule kwa moyo ambao haukuwa wa mtihani.

*

Siku ya pili, jua lilipofika dirishani, mzee alifumbua macho. Sauti ilikuwa imemwishia, kichomi kilikuwa kimemwachia mnong'ono tu. Tusajigwe alipitisha mkono wa kushoto chini ya shingo yake, akamwinua, akaanza kumlisha uji kwa kijiko. Mzee alimtazama usoni bila haya, jinsi mzee anavyomtazama binti wa watu aliyemtendea wema.

"Unasema kama watu wa kwetu," alinong'ona.

"Ni wa Rungwe, tata."

"Ndaga, asante kwa Mungu." Akameza. "Koti langu wamechukua?"

"Hukuja na koti."

Alifikiri. "Kweli. Niliuza Mbeya, nipate nauli. Nilidhani baridi ni ile ile ya kwetu." Akapumua kwa shida. "Hapa ndipo misheni inapofundisha wanawake kuuguza?"

"Ndipo."

"Basi nimefika." Akatabasamu, na meno mawili ya mbele hayakuwapo. "Mke wa mwanangu yuko hapa. Tulisikia Jumapili wataita majina. Nikasema nitasimama nyuma ya jengo, mahali asipoweza kuniona, nisikie tu jina lake linavyoitwa. Mama mkwe wake ndiye angekuja, lakini tumemzika. Sasa aitwe asiwepo hata mmoja wa kusikia?"

Kijiko kilikuwa njiani. Kilisimama.

Tusajigwe aliangusha macho sakafuni, lakini macho yalikuwa yamekwisha kuona, na kilichoonekana hakirudi kuwa hakijaonekana. Mkono wake ulikuwa chini ya shingo ya baba mkwe. Jana yake mikono hiyo hiyo ilikuwa imemwosha mwili mzima. Aliona aibu ya mtu aliyevuliwa nguo gulioni, na juu ya aibu hofu, maana kwao walisema mwanamke akiikanyaga heshima hii ugonjwa huingia nyumbani. Na juu ya hofu, kitu kingine alichokuwa hana jina lake, kwa sababu mzee huyu alikuwa ameuza koti lake aje asikilize nyuma ya ukuta.

Mwili wote ulimwambia akimbie. Ila akikimbia, mzee angejua. Duniani kote kulikuwa na mwanamke mmoja tu wa kumkimbia yeye. Angejua ameoshwa na nani, na katika hali ile ya kifua, aibu hiyo ingemmaliza kabla ya jioni. Kwa hiyo alikaa. Akapeleka kijiko mdomoni mwa mzee bila kumtazama, uji ukadondoka kidevuni, akaufuta.

"Ni bahati nimekupata wewe," mzee aliendelea. "Siuamini mwili huu. Nishikie maneno. Kuna mjukuu wangu, Ikupa. Mama yake amemaliza, na mimi nilisema akimaliza nitasema. Nasema sasa. Mtoto amfuate mama yake. Siku akiolewa, ng'ombe watakwenda kwa Jailos, mdogo wangu, sibishani na desturi. Lakini alelewe na mama yake, asome. Nilitaka kuyasema haya mbele ya wakubwa wa hapa, mbali na Jailos, maana pale nyumbani kila nikifungua mdomo yeye ananifungia. Nisipofika Jumapili, wewe ndiye shahidi wangu. Mwambie mwanamke yule. Mwambie na Jailos. Utaweza?"

Hebu fikiria. Neno alilolingoja mwaka mzima, alilokuwa analiombea kila jioni upande wa ukuta wa chumba cha wanafunzi, alikuwa amepewa lote mkononi. Na alikuwa amepewa kama mpita njia.

"Nitaweza, tata," alisema.

"Tusajigwe!" Sauti ya Sista ilipiga kutoka mlangoni.

Mzee alishtuka, akavuta blanketi mpaka kwenye macho. "Ni yeye anaitwa? Yuko hapa ndani?"

"Yuko nje, tata. Haingii."

"Mwambie asiingie. Mwanangu, mwambie."

"Tusajigwe! Huna masikio?"

Hakuitika. Aliweka bakuli chini, akamlaza mzee polepole, akatoka kwa upande kama mtu anayepita tu. Nje ya mlango Sista alikuwa amesimama mikono ndani ya mikono ya kanzu yake.

"Siku ya mtihani unaitwa mara mbili huitiki," alisema. "Kitu gani?"

Angeweza kusema. Lakini alijua jibu, lilikuwa limekwisha kutolewa nyuma ya jiko mwaka uliopita: wodini hakuna mkwe. "Nisamehe, Sista," alisema. "Yotamu yuko wapi?"

"Kaenda mjini kuchukua unga. Kesho mchana atarudi. Yotamu wa nini?"

"Mzee ana maneno anataka ayaseme mbele ya mtu."

"Ayaseme kwangu, wewe utatafsiri."

Tusajigwe alitikisa kichwa. Sista angesikia nini? Angesikia Tusajigwe akisema kwamba mzee amesema Tusajigwe apewe mtoto. Jailos angeuliza nani alifasiri, akajibiwa, akacheka mpaka akalia. Lazima awe Yotamu, mwanamume, Mnyakyusa, mtu asiye na lake katika jambo. Kesho mchana si mbali, alijiambia. Penisilini imeingia. Kesho mchana si mbali.

Akamwendea Liberatus, akamwomba tangu sasa amwoshe yule mzee yeye.

"Ee dada," Liberatus alisema, "mimi nina wagonjwa kumi na wanne, na wewe una mmoja, bado unamkimbia?" Lakini alipomtazama machoni akaacha mzaha. "Haya. Nitamwosha."

Sista alisikia, kwa sababu Sista husikia yote. "Mtihani ni wako au wa Liberatus?" aliuliza. "Kesho asubuhi utamwosha wewe, mimi nikiwa nimesimama pale. La sivyo, rudi kwenye tumbaku."

Jioni alimlisha tena, uso ameugeuzia dirisha.

"Mbona leo hunitazami?" mzee alinong'ona.

"Macho yananiuma, tata. Moshi wa jikoni."

"Pole mwanangu. Maneno yangu unayo?"

"Ninayo yote."

Mzee alishiba akalala. Ndiyo mara ya mwisho waliyosema, ikiwa kule kunaitwa kusema.

*

Kulipokucha alibeba beseni la maji ya moto kwenda wodini, hajui bado atafanya nini. Alikuwa amewaza yote, kumwosha amefumba macho, kujitia ugonjwa, kumwambia Sista ukweli na kufukuzwa. Hakuhitaji hata moja. Liberatus alikuwa ameinama kitandani akimfunga mzee kidevu kwa bendeji.

"Alfajiri hii hii," alisema. "Kimya kimya. Hakuamka."

Sista alikuwa amesimama pale alipoahidi kusimama. Kwa kanuni ya mtihani, maiti naye ni mgonjwa mpaka atoke mlangoni, na kumwosha ilikuwa kazi ya mwanafunzi. Tusajigwe alisimama na beseni lake, mvuke ukimpanda usoni, akashindwa kusogeza mguu. Liberatus alimtazama mara moja tu, akaja akachukua beseni mikononi mwake, akavuta pazia. Sista aliona.

"Ulimlisha vizuri," alisema hatimaye, akaenda zake.

Yotamu alifika mchana na unga wake. Tusajigwe alikutana naye kwenye geti, akamwambia tu kwamba mzee aliyekufa ni mtu wa fulani, kaya fulani, apeleke habari Rungwe kwa malori. Akimwambia jina alilizunguka, kama inavyompasa mkwe, na Yotamu akaelewa ni nani, akavua kofia. "Umemwona?" aliuliza kwa hofu. "Nimesikia tu," Tusajigwe alijibu.

Walimzika Jumamosi katika makaburi ya misheni, Mmoraviani katikati ya Wakatoliki, na yeye alitazama akiwa nyuma ya jiko, amejifunika. Jumapili majina yaliitwa. La kwake lilikuwa la tatu. Alivishwa aproni nyeupe, akapewa ufunguo wa chumba cha matofali, watu wakapiga makofi, naye akalia kwa sauti hata wenzake wakaona aibu. Wakasema furaha inamzidi.

Kwa wiki tatu alikaa na neno lile. Alikuwa analirudia akikunja shuka, neno kwa neno, lisije likapotea. Mtoto amfuate mama yake. Mara nyingine alijiona akilisema mbele ya Jailos na wazee wote wa Rungwe, na katika ndoto hizo za mchana wazee waliinamisha vichwa wakakubali. Kisha akili ikarudi. Chumba chake alikitia kitanda cha pili, kidogo, alichotengenezewa na seremala wa misheni, akakitandika, halafu hakukitazama.

*

Jailos alikuja mwishoni mwa Agosti kuona kaburi. Alikuwa mtu mnene, aliyevaa viatu, na kwa desturi yeye naye alikuwa baba mkwe, sasa zaidi kuliko zamani, maana kaya ilikuwa yake. Kwa hiyo yeye alisimama upande mmoja wa ukuta wa nyumba ya kufulia nguo, na Tusajigwe akasimama upande wa pili ndani ya aproni yake nyeupe, kanga usoni, na Yotamu akawa anazunguka kona akibeba maneno. Hazikuwa hatua nyingi. Jailos alikuwa anasema kwa nguvu, na kila kitu kilisikika ukutani.

Yotamu alikuja. "Anakusalimu. Anauliza marehemu aliuguzwa na nani, maana huko nyumbani kuna watu wanasema mkwe wake alikuwa katika wodi hiyo hiyo."

"Alilala wodi ya wanaume," Tusajigwe alisema. "Mwambie dresa anaitwa Liberatus, ndiye aliyemwosha mpaka mwisho. Akitaka amwulize."

Yotamu akaenda, akasema. Kisha upande wa pili sauti ya Jailos ikasikika, imepungua ukali, karibu na huzuni, kwa kuwa hata yeye alikuwa na kaka.

Yotamu akarudi. "Anauliza, je, marehemu aliacha neno lolote?"

Lilikuwa mdomoni. Alilijua kuliko Baba Yetu. Lakini alilisikia pia swali ambalo lingefuata, lilikuwa limesimama pale pale nyuma ya hili: alimwambia nani? Angejibu kwamba alimwambia yeye, mkono wake ukiwa shingoni mwake. Wangesema amemuua. Wangesema alimvua nguo, alimwona, ndiyo maana kichomi hakikusikia sindano. Na hata kama wangeamini, mtu yule aliyekufa akidhani ametunzwa na binti wa watu angefanywa hadithi ya kuchekesha kwenye vilabu vya pombe mpaka Tukuyu. Mtoto wasingempa. Wangechukua heshima ya mzee, na mtoto wasingempa.

"Dada?" Yotamu alisema. "Anangoja."

"Mwambie hakuacha neno."

Yotamu alimtazama kidogo. Labda alijua, labda hakujua. "Nimwambie hivyo?"

"Mwambie hivyo."

Akazunguka kona. Tusajigwe aliweka kiganja kwenye tofali. Alimsikia Yotamu akisema, hakuacha neno, akamsikia Jailos akishusha pumzi na kusema ndaga, basi, mambo yako wazi. Mwambie Ikupa atabaki kwetu, ng'ombe wa mama yake tulitoa sisi. Mwambie kama anataka alete nguo za mtoto akipata likizo, ataziacha kwa mke wangu. Mwambie na hongera ya kazi.

Yote aliyasikia vizuri ukutani, kila tamko. Lakini Yotamu alipozunguka kona kuja kwake, hakumkatiza. Alisimama ameinamisha kichwa akamwacha amfikishie neno kwa neno, kama desturi inavyotaka.